Ugonjwa Hutazamwa Shambani

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, Hyasinti alizunguka shamba lake la kahawa. Alianza juu, kwenye mteremko wenye jua, akashuka taratibu mpaka chini karibu na migomba. Aliinua matawi, akageuza vishada vya buni mbichi, akatazama. Majirani kijijini Mkumbi walimtania. Walisema Hyasinti huijulia hali mibuni kabla ya kumjulia hali mkewe.

"Ni kweli," mkewe Otilia aliwajibu. "Lakini akimaliza huko, huja kuniuliza nimelalaje. Nami nimezoea kuwa wa pili."

Mwezi wa tatu mvua zilikuwa nyingi. Asubuhi moja Hyasinti alirudi nyumbani na buni moja mkononi. Ilikuwa na doa jeusi.

"Chulebuni," alisema. Aliuogopa sana ugonjwa huo wa kahawa. Uji aliuacha mezani. Alichukua kikapu na bomba la dawa, akarudi shambani. Alichuma buni zote zenye madoa, akazifukia, akapulizia dawa mibuni iliyobaki.

Otilia alimtazama akishuka mteremko. Kisha akaweka mkono kwenye titi lake la kushoto. Palikuwa na uvimbe mdogo, mgumu kama punje ya harage. Aliugundua siku moja akioga. Kwaresima ilipoanza, alimwambia mumewe.

"Unauma?" Hyasinti aliuliza siku ile.

"Hauumi."

"Basi tumalize kwanza kuchuma kahawa. Mwezi wa nane tutakwenda hospitali."

Hakusema sababu yake ya kweli. Dada yake, Anjelina, alikuwa na uvimbe kama huo. Alipasuliwa, na mwaka haukuisha akafariki. Tangu hapo Hyasinti aliamini kwamba kisu huamsha saratani. Aliogopa kumpoteza Otilia. Kwa hiyo aliificha hofu yake nyuma ya kahawa.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na chumba cha kupanga. Mpangaji alikuwa Alex, mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya. Kwao ni Singida, lakini Otilia alimtunza kama mwanawe. Wiki ile Alex alirudi kutoka Dar es Salaam, alikohudhuria mkutano wa wanasayansi. Jioni Otilia alimwita kula.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Otilia alijibu. "Mbona umekonda? Huko wanasayansi hawali?"

"Wanakula, mama. Lakini vipande vidogo vya mkate, tena mmesimama."

"Masikini. Kaa chini. Leo kuna ugali na usipa, dagaa wetu wa ziwani."

Alex alinawa, akala kwa bidii. Otilia alimwongezea bila kumuuliza.

"Mkutano wenyewe ulihusu nini?" Hyasinti aliuliza.

"Saratani, baba."

Mkono wa Hyasinti ulisimama juu ya sahani.

"Siku ya kwanza nilikaa kama gogo," Alex aliendelea. "Wao wanaeleza, mimi natikisa kichwa tu. Sasa mganga mfawidhi anataka niwaeleze wenzangu kituoni, kwa Kiswahili chepesi. Sijui nianzie wapi."

"Anzia kwetu," Otilia alisema. "Mimi nikielewa, hakuna atakayeshindwa."

Alex alifungua simu, akawaonyesha picha. Ilikuwa na vidoa vingi vya rangi, vimepangana bega kwa bega. Otilia aliisogeza simu mbali na macho, kama mtu anayetazama kilima cha ng'ambo.

"Hizi ni ngolo," alisema. "Si unaona? Shimo na majirani zake, shimo na majirani zake, mteremko mzima."

Alex alicheka. Alizijua ngolo, mashimo ambayo wenyeji wa huko, Wamatengo, huchimba milimani ili maji yasichukue udongo.

"Zinafanana kweli, mama. Lakini hiki ni kipande cha nyama ya mgonjwa. Kimekatwa chembamba kuliko ganda la kitunguu. Kila kidoa ni seli, yaani chembe ndogo sana ya mwili. Hizi nyekundu ni seli za saratani. Hizi za kijani ni askari wa mwili, wanaopigana na ugonjwa."

"Na wanasayansi wanatafuta nini humo?" Hyasinti aliuliza.

"Wanatafuta nani amekaa wapi, na jirani yake ni nani. Kuna vipimo ambavyo husaga nyama yote pamoja. Unajua askari wapo, lakini hujui wamesimama wapi. Sasa wagonjwa wawili wanaweza kuwa na askari sawasawa. Kwa mmoja, askari wameingia katikati ya saratani. Kwa mwingine, wamezuiwa mlangoni. Huenda wawili hao wakahitaji dawa tofauti. Ndiyo maana wanataka kuona kila seli mahali pake."

Hyasinti alifikiri kidogo.

"Ni kama kahawa iliyo guniani," alisema. "Ukilimwaga gunia, unaona buni mbovu zimo. Lakini hujui zimetoka mti gani. Shambani ndiko unakojua. Unaona chulebuni imeanzia chini, kwenye unyevu, na jirani yake ni mgomba. Ugonjwa hutazamwa shambani."

"Baba, maneno hayo nitakwenda nayo kituoni," Alex alisema.

Otilia alirudisha simu.

"Na ukiona doa moja shambani, hungoji," alimwambia mumewe taratibu. "Hata uji huachwa. Mimi nina doa tangu Kwaresima ianze, baba Devotha. Nangoja kahawa iive."

Hyasinti alitazama sahani yake. Hatimaye akamweleza Alex habari za uvimbe. Akaeleza na habari za Anjelina, na kisu.

Alex hakumlaumu.

"Dada alikwenda lini hospitali, baba?"

"Titi lilipokuwa limeshatoka kidonda."

"Basi ugonjwa ulikuwa umetangulia. Kisu kilifika nyuma yake. Kuchukua kipande cha nyama hakuamshi saratani. Watakuchoma ganzi, mama, kisha watatumia sindano nene kuchukua vipande vidogo. Vitawekwa kwenye dawa ili visioze, na seli zibaki zilivyokaa. Mashine za kwenye picha hii hapa kwetu bado hazijafika. Lakini hadubini ya kawaida nayo hutazama seli na majirani zake, na daktari anajua huu ni uvimbe gani."

"Hata kama hauumi?" Otilia aliuliza.

"Usiouma ndio wa kuharakisha, mama. Saratani ya titi ikiwa changa, mara nyingi haiumi. Na uvimbe mwingi wa titi si saratani. Lakini kwa kugusa tu hatuwezi kujua."

Asubuhi iliyofuata Hyasinti hakwenda shambani. Alimbebea Otilia mkoba, wakapanda gari la Mbinga mjini pamoja. Hospitalini alimshika mkono mpaka muuguzi akamwambia, "Mzee, mkono huu ninauhitaji."

Vipande vilipelekwa hospitali ya rufaa. Majibu yaliporudi, yalisema ni saratani. Hyasinti alikaa kwenye benchi, akainamisha kichwa. Daktari akamgusa bega.

"Mmewahi," alimwambia. "Bado ni ndogo. Haijafika kwapani. Tunaweza kuitibu vizuri."

Otilia alifanyiwa upasuaji. Kisha akaanza dawa. Zilimchosha, nywele zikaanguka, naye akajifunga kitambaa cha kijani kichwani. Hyasinti alijifunza kupika uji. Otilia alisema una mabonge, lakini aliumaliza.

Mwezi wa saba kahawa iliiva. Otilia aliketi kivulini kwenye vichanja vya kuanikia, akichambua kahawa kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa bado mzito. Vipimo vya karibuni vilikuwa vizuri. Alikuwa ameanza tena kuimba.

Siku hiyo Lukresia, mke wa mdogo wake Hyasinti, alikuja kusaidia kuchuma. Alivaa kikapu begani, akasogea karibu na Otilia, akanong'ona. Hyasinti alikuwa hatua chache juu yao, mteremkoni. Alisikia maneno machache tu.

"Kadogo, dada. Tena hakaumi. Tumalize kwanza kuchuma, halafu nitakwenda."

Hyasinti alishuka. Alikitoa kikapu begani mwa Lukresia, akakiweka chini.

"Shemeji, kahawa itakungoja," alisema. "Nimeshawahi kungoja mimi, najua. Gari la Mbinga halijapita."

Lukresia alimgeukia Otilia. Otilia alikuwa ameshasimama. Alikung'uta maganda ya kahawa kwenye kanga, akakaza kitambaa chake cha kijani.

"Twende, mdogo wangu," alisema. "Njiani nitakueleza habari za ngolo."