Mguu Juu ya Breki

Kila siku akitoka shuleni, Kamene alivua sare, akavaa koti kuukuu la kazini la baba yake, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuitazama Landrova. Si kwamba gari lililopandishwa juu ya matofali lingeweza kutoroka. Lakini alijua Susu angeuliza, na alitaka kuwa na jibu.

Susu alikuwa nyanya yake, mama wa baba. Ndivyo Wakamba wanavyowaita nyanya zao. Jina lake hasa lilikuwa Kavindu. Alishinda kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa nyumba yao ya Makongeni, mjini Thika, fimbo ikiwa imeegemezwa ukutani na uso ameuelekeza mashariki. Upande huo hakukuwa na la kuona ila kamba za nguo na ukuta wa jirani. Susu hakuwa akiuona ukuta. Macho yake yalikuwa yamefika Yatta, shambani kwake.

"Saa hii Kaleli anateremsha ng'ombe mtoni," alikuwa akisema, akimkumbuka jirani yake wa huko. Au aliuliza kama kuna mtu aliyekumbuka kufagia chini ya mpapai. Kisha aliguna na kumgeukia Kamene. "Imefika wapi hiyo gari?"

Mwaka uliotangulia Susu aliteleza kisimani, akavunjika nyonga, akaletwa Thika kutibiwa. Mfupa uliunga, lakini daktari alimkataza katakata kupanda pikipiki. Na kutoka mwisho wa lami hadi kwake ni kilomita kumi na mbili za udongo mweusi na makorongo, pamoja na mteremko mmoja mkali wa mawe unaoshuka hadi mtoni. Madereva wa teksi waliposikia habari za mteremko huo, wote walikumbuka ghafla kuwa wana shughuli nyingine. Gari pekee lililoijua njia ile lilikuwa Landrova ya marehemu babu, na Landrova ilikuwa imelala miaka minne, kuku wakitaga mayai ndani yake.

Baba yake Kamene, Mzee Kyengo, hakuwa fundi wa magari. Alikuwa mwendesha mashine kiwandani, ila mikono yake haikuogopa kitu. Tangu mwezi wa saba alikuwa akiifufua Landrova jioni na siku za mapumziko, akijifunza kwa video za simu na kwa makosa yake mwenyewe, ambayo hayakuwa machache. Aliwahi kufunga injini yote akabaki na boliti mbili mkononi, akakaa chini akazitazama kama mtu aliyetukanwa.

Kamene ndiye aliyekuwa msaidizi wake, na kazi ilisonga. Sakafu iliyokuwa imeoza kwa kutu, hadi mtu aliweza kuona ardhi, ilizibwa kwa bati nene. Kiti laini kilichotolewa kwenye gari lililogongwa kilifungwa mbele. Siku moja Kamene alishika futi, akapima Susu anaweza kuinua mguu hadi wapi bila kuumia, na baba akachomelea kidato cha bomba kwa kimo hicho hicho. Susu alipokijaribu mara ya kwanza na kupanda bila kushikwa mkono, alikaa ndani ya gari muda mrefu akipapasa dashibodi. Hakutaka kushuka.

Zilibaki breki tu, na siku zilikuwa zimeisha. Mwezi wa kumi ulikuwa ukingoni. Mvua ikishanyesha Yatta, udongo ule mweusi hunata kiasi kwamba hata Landrova huzama, na njia hujifunga kwa majuma. Susu alikuwa amekosa misimu miwili ya kupanda. Chini ya kiti chake alihifadhi mkebe wa mbegu za ndengu, na mara kwa mara aliufungua, akanusa, akaufunga.

"Nataka mvua inikute huko," alimwambia Kamene. "Udongo ukinyeshewa mara ya kwanza, una harufu. Nimeisahau, mwiitu wakwa." Alipomwita hivyo, binti yangu, Kamene aliupokea mkebe, akaukaza mfuniko. Aliapa moyoni kuwa Susu angefika.

Jumamosi moja baba na binti walikwenda Ruiru kwa Gachau, muuza vipuri vya magari ya zamani, kutafuta mipira ya breki. Gachau alikuwa mtu wa maneno mengi na chai nyingi. Alipojua kwamba Kamene ndiye atakayekanyaga breki wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba, aliweka kikombe chini.

"Sasa sikiza," alisema. "Mtu wa chini ya gari haoni mguu wako. Anasikia sauti tu. Ukisema umeshikilia, anaamini, anafungua. Kwa hivyo mguu ukiteleza, sema umeteleza. Mtarudia, basi. Hewa ikiingia hapo, itakaa imenyamaza mpaka siku ya mlima."

Waliifanya kazi hiyo Ijumaa jioni, safari ikiwa kesho yake asubuhi. Baba alilala chalichali chini ya gari, kwenye gunia. Kamene alikaa kwenye usukani.

"Kanyaga."

Kamene alikanyaga mara tatu, akabana kikanyagio hadi chini. "Nimeshikilia."

Baba alifungua skrubu ndogo iliyo nyuma ya gurudumu, mafuta yakatoka pamoja na mapovu ya hewa, akaifunga. "Achia." Ndipo Kamene alipoinua mguu. Walikwenda hivyo gurudumu baada ya gurudumu, chupa ya mafuta ya breki ikizidi kupungua, hadi wakafika gurudumu la mwisho.

"Nimeshikilia," Kamene alisema.

Wakati huo huo radi ilinguruma mbali. Kamene aligeuka. Juu ya mlima wa Kilimambogo, upande wa kwenda Yatta, mawingu meusi yalikuwa yamejazana. Hapana, si leo, alijisemea, na moyo ulivyomruka, mguu nao ukainuka. Kidogo tu. Aliurudisha haraka. Chini ya gari skrubu ilikuwa bado wazi.

"Umeshikilia?" baba aliuliza.

Kamene aliitazama chupa. Ilikuwa tupu. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa, na yasingefunguliwa hadi saa tatu asubuhi. Mlangoni Susu alikuwa akimwambia mama, kwa mara ya tano, asisahau mkebe wa ndengu.

"Nimeshikilia," alisema.

Baba alitoka, akapanda, akakanyaga breki mara kadhaa. Ikawa ngumu. Hiyo ndiyo hila ya hewa: ukikanyaga mfululizo, breki hujifanya nzima. Aliliendesha gari polepole hadi langoni na kurudi, likasimama vizuri. Akampiga Kamene bega kwa furaha, akamwita fundi. Neno hilo lilimchoma kuliko kofi.

Usiku Susu alisimulia habari za mteremko wa mtoni: babu alikuwa akifika pale juu, ananyamaza, anamwambia ashike mahali. Alicheka peke yake akikumbuka. Kamene alikisukuma chakula pembeni. Alijaribu kujiambia kwamba mguu uliinuka kidogo mno, kwamba huenda hakuna hewa iliyoingia. Lakini kila alipofumba macho aliuona mteremko, na kiti kile laini mbele, na aliyekikalia.

Kulipokucha, majirani walikuwa wamekuja kuaga. Susu alikuwa na kitambaa kipya kichwani. Alikanyaga kidato chake, akapanda, akaupakata mkebe. Mama alikaa nyuma na mizigo. Baba akawasha injini.

"Baba, zima gari," Kamene alisema.

Alidhani sauti yake haikusikika, akarudia. Baba alizima. Kamene alikuwa bado amesimama chini, mbele ya majirani wote, koti la kazini mkononi.

"Jana sikushikilia. Gurudumu la mwisho. Mguu uliinuka, nikakudanganya."

Baba alikanyaga breki mara moja, polepole, na kikanyagio kikazama mbali chini ya mguu wake. Alibaki ameutazama mguu huo. Kisha akashuka, akamsaidia mama yake kushuka.

"Nitarudia yote manne," alisema.

"Lakini lilikuwa moja tu, Baba."

"Najua umesema moja. Nilikuwa chini ya gari, Kamene. Mimi nilikuwa na neno lako tu."

Hakumpigia kelele. Afadhali angempigia. Alikwenda mjini kungoja maduka yafunguliwe, akarudi na chupa mbili, na kazi ikaanza upya. Kamene alikanyaga, akashikilia hadi paja likatetemeka. Walimaliza saa nane mchana. Hata kabla baba hajanawa mikono, simu ililia. Alikuwa Kaleli, jirani wa Susu, akiwa na furaha tele. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri, mto umefurika, na asithubutu mtu kuja na gari.

Susu aliurudisha mkebe chini ya kiti, akaugeuza uso mashariki.

Wiki tatu alikaa hivyo, na wiki tatu Kamene hakuwa na jibu la kumpa. Kaleli alimpandia Susu shamba kwa mbegu zake mwenyewe, na kila alipopiga simu kusema ndengu zimechipuka, Susu alishukuru, kisha akaugeuza tena uso mashariki. Kamene alitamani kurudisha siku nyuma, si hadi Jumamosi, bali hadi Ijumaa, hadi kwenye lile swali moja ambalo jibu lake lilikuwa jepesi.

Mvua ilipokatika na udongo ukashika, walisafiri. Juu ya mteremko baba alinyamaza. Chini, mto ulimetameta kati ya mawe. Landrova ilianza kushuka, mawe yakabiringika mbele yake, na baba akakanyaga. Breki zilishika. Zilishika kila mahali zilipoitwa, hadi chini kabisa, na Susu akaachia chuma alichokuwa amekishika akapumua.

Nyumbani, shamba lilikuwa limefunikwa na kijani. Lakini karibu na mpapai Kaleli alikuwa ameacha mistari miwili mitupu. Alisema si vizuri mtu kurudi kwake akose mahali pa kuweka mkono. Susu alisimama mbele ya mistari ile, machozi yakimtoka bila aibu, akaomba mkebe.

Kamene alichimba vishimo. Susu, ambaye hakuweza kuinama, alidondosha mbegu akiwa amesimama kwa fimbo.

"Unafikiri nimekukasirikia," alisema.

Kamene aliitikia kwa kichwa.

"Nilikasirika. Niliitaka mvua ile, na umri wangu hauhesabu mvua nyingi tena." Alidondosha mbegu nyingine. "Lakini nimeuona ule mteremko leo. Ungenyamaza, tungeondoka mapema na tusingefika. Hamu yangu uliibeba vizuri, mwiitu wakwa, lakini usiwahi kuifanya sababu ya kudanganya. Anayekupenda atangoja. Anayekuamini hana cha kufanya ila kuamini. Baba yako alikuwa chini ya gari. Ukikosea, sema hapo hapo, kabla mtu hajaweka uzito wake juu ya neno lako."

"Ndiyo, Susu."

Waliendelea na kazi. Wingu dogo lilipita, matone machache yakaanguka, na harufu ya udongo ikapanda. Susu alifumba macho, akaivuta, akadondosha mbegu bila kutazama.

"Imeingia?" aliuliza.

Kamene aliangalia. "Hapana, Susu. Imeanguka nje."

Aliinama, akaiokota, akaitia kwenye kishimo kwa mkono wake, akaifunika.