Kamera ya Stoo ya Nyuma

Simu ya Nokia ilitetemeka mfukoni mwa ovaroli.

Pascalia Muhonja alikuwa juu ya ngazi, drili ya Bosch mkononi, akitoboa ukuta wa ghala la Erastus Ayuma, nje kidogo ya Malava. Alizima drili akapokea.

"Kabras kumenyesha?" sauti iliuliza.

"Bado. Miwa imesimama."

"Basi ikatwe leo. Malori yanaondoka kabla ya jua kuzama."

Simu ikakatika.

Chini ya ngazi, mlinzi Cornelius alimtazama, bunduki begani. "Nani huyo?"

"Duka la vifaa. Wanauliza kama waya umetosha."

"Wewe huongeanga sana na hilo duka."

Pascalia alicheka kidogo, akaendelea kutoboa.

Kitambulisho chake kilisema ni fundi wa kamera aliyesomea chuo cha ufundi cha Sigalagala. Kilidanganya. Alikuwa ofisa wa ujasusi.

Miaka hiyo sukari ilikuwa imewainua watu wa Kakamega. Trekta za miwa zilijaa barabarani kutoka Mumias hadi Kabras, na wakulima walikuwa wakijenga nyumba za mawe. Erastus hakuwa na hata shina moja la muwa. Sukari yake ilitoka ng'ambo, ikiwa imelowa dizeli melini, na humo ghalani ilikuwa ikitiwa katika magunia mapya yenye jina la kiwanda cha hapa. Mzigo wa leo ulikuwa wa shule za bweni.

Kibiwott, mwenzake Pascalia, alikuwa ameingia humo kama mshona magunia. Kisha akanyamaza. Hakuna simu, hakuna ujumbe.

Inspekta Phanuel, mwenye ile sauti ya simu, na askari wake walikuwa wamelala ndani ya miwa ng'ambo ya barabara. Wangeweza kuvamia wakati wowote. Lakini wakivamia kabla ya kujua Kibiwott alipo, wangekuta maiti.

"Fundi!"

Erastus aliingia, koti la ngozi, bastola ya Beretta kiunoni. "Imebaki kamera moja. Stoo ya nyuma."

"Nakuja na ngazi, mkubwa."

"Huko siingizi mtu. Nitaifunga mwenyewe. Wewe kaa kwa skrini, uniambie imekaa vipi. Nataka ionyeshe mlango tu."

Alichukua kamera, bisibisi na redio ya Motorola. Akatoka.

Pascalia aliketi mbele ya skrini. Picha zilikuwa zimegawanywa: lango la mbele, lango la nyuma, washonaji wa magunia, na pembe moja nyeusi. Cornelius alisimama nyuma yake. Nje, jenereta ilinguruma.

Pembe nyeusi ikawaka. Dari. Kisha mlango.

"Unaona mlango?" redio ilikwaruza.

"Naona, mkubwa. Kaza skrubu."

Skrubu iliteleza. Kamera ikainama.

Kibiwott.

Alikuwa sakafuni, amefungwa kwenye nguzo kwa kamba ya katani, jicho moja limevimba na kufunga. Kifua kilipanda, kikashuka.

Cornelius alikuwa ameinamia kiberiti, akiwasha sigara.

Mkono wa Pascalia ulipita nyuma ya mashine ya kurekodi, ukachomoa waya. Pembe ile ikawa nyeusi tena.

"Fundi! Sasa unaona nini?"

"Picha imepotea, mkubwa. Giza tupu."

Pumzi za Erastus zilisikika redioni.

"Cornelius."

"Boss?"

"Wewe unaona nini kwa hiyo TV?"

Cornelius aliinama mpaka moshi wa sigara ukagusa shavu la Pascalia. Alitazama kwa muda mrefu. Uso wa Pascalia haukusogea.

"Giza, boss. Haina kitu."

"Kamera iliinama," Erastus alisema. "Naiinua. Halafu huyo fundi atengeneze waya wake."

Pascalia alitoa simu. "Wacha niwaulize wa duka," alimwambia Cornelius. Akapiga.

"Ile soketi nimeipata. Iko stoo ya nyuma. Imepasuka upande mmoja, lakini inafanya kazi."

Phanuel alishusha pumzi. "Tunaleta gari. Lango la mbele."

"La mbele tu. Upesi."

Alipiga magoti nyuma ya mashine. Akarudisha waya wa stoo. Kisha akachomoa waya za malango mawili, akazipishanisha. Malango yote yalikuwa ya bati la samawati, kazi ya mkono mmoja, na miwa ilisimama nyuma ya yote mawili. Mtu asingeyatofautisha ila kwa maandishi ya skrini.

Erastus alirudi akijipangusa vumbi. Aliitazama stoo kwenye skrini. Mlango tu. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Ndipo bati la samawati likapasuka, Land Rover ikapita katikati yake.

Maandishi yalisema: LANGO LA NYUMA.

"Polisi! Wameingia nyuma!" Erastus alichomoa Beretta. "Cornelius, nenda stoo. Mmalize yule."

Akatimua mbio kuelekea gari lake, lango la mbele.

Cornelius aligeuka mlangoni.

Pascalia aliizungusha drili kwa mikono miwili. Kifundo cha mkono wa Cornelius kikalia. Bunduki ikaanguka, na kabla Cornelius hajainama, mtutu ulikuwa ukimtazama.

"Funguo za stoo."

"Madam, mimi hutumwanga tu."

"Funguo!"

Alizitupa sakafuni.

Kibiwott aliinua jicho lake zima mlango ulipofunguka. "Umekawia."

"Nilikuwa nafunga kamera," Pascalia alisema. Alikata kamba. Kisha akamkumbatia mwenzake.

Nje, kwenye lango la mbele alikokimbilia, Erastus alikuwa amelazwa juu ya boneti ya Mercedes yake, pingu mikononi. Askari walikuwa wakipanda malori, wakishusha magunia.

"Fundi," alisema kwa uchungu. "Umeniuzia kamera mbovu."

"Ni nzima kabisa, mkubwa. Nilipishanisha waya mbili tu. Sasa hivi kamera zinakurekodi."

Phanuel alimfungulia mlango wa Land Rover. "Twende Kakamega. Wakubwa wanasubiri ripoti."

"Mpeleke Kibiwott hospitali kwanza. Mimi nina njaa."

Alivua ovaroli, akaikunja kwapani, akavuka barabara. Boda boda ikasimama.

"Wapi, dada?"

"Mahali wanapika ingokho. Kuku wa kienyeji."

"Na obusuma?"

"Ugali mwingi," alisema Pascalia, akakalia kiti cha nyuma bila kugeuka.