Vitabu vya Marehemu Perrachon

Rafiki yangu Anselme Gourdiat, muuza vitabu vya kale hapa Lyon, alipanda kilima cha Croix-Rousse jioni moja ya Novemba, kuchukua vitabu vya historia ya mji alivyovinunua kwa mjane mmoja. Asingeviuza hivyo, duka lake lingefungwa.

"Claudius wangu alikuwa mfumaji hariri wa mwisho humu," mjane Perrachon alimwambia. "Alikataza vitabu hivi kutoka jengoni, hata akifa."

"Basi aje anidai mwenyewe, bibi," Anselme alitania, akiufunga mzigo kwa kamba ya katani.

"Haya, cheka tu."

Alishuka kwa ujia wa mkato unaopita chini ya majengo. Katikati, taa ikazimika. Juu yake mtambo wa kufumia ukaanza kugonga, ta-ka-ta, ta-ka-ta, ingawa mitambo yote iliuzwa zamani. Alipapasa ukuta, akajikokota mpaka nje.

Dukani alifunga mlango, akautua mzigo. Kamba ya katani haikuwepo. Vitabu vilifungwa kwa uzi wa hariri, kwa fundo la wafumaji, ambalo yeye hakujua kulifunga. Uzi huo ulipita chini ya mlango na kutokomea gizani, kuelekea kilimani.

Alipougusa, ukavutwa taratibu kutoka upande wa pili.