Spika Iliyofukizwa Udi

Spika ile ilinuka. Hilo Sufyan alilijua kabla hata hajaiwasha: kasha zima lilitoa harufu ya mdomo usiopigwa mswaki mwezi mzima, na Gerishom, mpiga gitaa mwenyewe, alisimama nalo mlangoni pa karakana yake ya Al Quoz, Dubai, kana kwamba hana pua.

"Sauti yake inakata watu masikio, kaka," alisema Gerishom. "Treble, ile sauti kali, nimeshusha mpaka zero, bado. Madam wa hoteli ninayopigia amesema Ijumaa mchana ikilia tena vile, khalas, kazi basi, narudi Uganda."

Sufyan akacheka. Alikuwa ametoka Mombasa na ufundi wake, na jambo hili aliliona dogo. Sauti kali hutoka katikati ya koni, lile bakuli la karatasi linalotetemeka ndani ya spika, na kwenda mbele moja kwa moja. Ukiiwekea kizuizi hutawanyika, ikalainika. Akakata duara la sponji kutoka godoro kuukuu, akalitoboa tundu katikati, akalibandika mbele ya koni.

Kisha akafanya kosa ambalo ni mtu wa pwani tu angelifanya. Harufu ilimkera, na kwao kitu kikinuka hufukizwa. Akatia chetezo cha udi ndani ya kasha, akalifunika kwa shuka, akaenda kuswali Alasiri.

Aliporudi, sponji ilikuwa imelowa. Aliigusa akidhani ni jasho la joto la Dubai, lakini ute wa manjano ukamnatia kidoleni, una uvuguvugu, unanuka samaki wa juzi, na alipoupangusa kwenye suruali alisikia kasha likivuta pumzi, waya haujachomekwa popote, likivuta na kushusha, na lile tundu alilolitoboa kwa mkono wake likijifumba na kujifumbua taratibu, hadi likatoa mlio mwembamba uliompenya kwenye mizizi ya meno. Sufyan alitapika papo hapo, juu ya viatu vyake.

Ijumaa asubuhi akamleta Bi Ghania, Mzanzibari aliyekuwa mpishi katika nyumba moja ya Al Warqa, na ambaye watu walimjua kwa mambo ya kutoa majini. Bi Ghania alinusa mara moja tu, akajiziba pua kwa mtandio.

"Umemfukizia nini?" alinong'ona.

"Udi, Bi Ghania."

"Udi! Mwanangu, udi ndiyo karamu yao. Alikuwa mpita njia huyu, wewe umemtandikia na kitanda. Hukuambiwa la kuvunda halina ubani?"

"Sasa tumtoeje? Gerishom anapiga leo mchana."

"Kwa mvuje, ule utomvu wa kufukizia. Nao unanuka, lakini harufu hiyo hawaiwezi. Na aliyemkaribisha ndiye amtoe, kwa mkono mtupu. Ila fumba mdomo, Sufyan. Akishatoka atatafuta pa kuingia. Usiseme hata neno moja."

Mvuje ukafuka, Bi Ghania akasoma Ayatul Kursiyyu. Sufyan akaingiza mkono. Sponji ilikuwa laini kama ufizi, ikamng'ang'ania vidole ikivifyonza, naye akavuta huku machozi yakimtoka, akavuta tena, ikabanduka kwa sauti ya kitu kinachong'olewa kwenye nyama, ute ukamrukia usoni, na kwa kinyaa, si kwa woga, akasema, "Ptuu! Laana!"

Bi Ghania akaikatisha aya katikati. Akakusanya vitu vyake akaondoka bila kuaga.

Sufyan akajiambia ni mambo ya wazee. Aliweka sponji mpya, safi, na adhuhuri ilipopita alikuwa amekaa hotelini Deira, akimsikiliza Gerishom. Gitaa lililia tamu, halikumkera mtu. Madam aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Sufyan alifurahi kweli, ingawa watu wa meza iliyo karibu naye walikuwa wameziba pua na kuomba wahamishwe.

Wimbo ulipoisha Gerishom akamjia mikono wazi, madam nyuma yake.

"Umeniokoa, kaka! Mwambie madam ulifanyaje."

Sufyan akafungua kinywa, ukamtoka ule mlio mwembamba wa kwenye kasha.

Gerishom aliziba masikio kwa mikono miwili. Glasi zilitetemeka mezani, na madam akageuka kwa hasira kuitazama spika.

Sufyan akafumba mdomo haraka, akauziba kwa kiganja, akatoka mbio. Gerishom yuko kazini hadi leo. Sufyan hajasema neno tena, na akipiga miayo hujifunika mto.