Mgonjwa wa Saa Tisa

Rekodi ilikuwa ya dakika arobaini na moja na sekunde kumi na mbili. Daktari Adero aliitazama simu, akaitazama saa ya ukutani, akaitazama simu tena. Alikuwa ameanza saa tisa kamili alasiri. Kengele ya dakika thelathini ilipolia, aliizima, akasimamisha rekodi, akaenda jikoni kuinjika maji ya chai. Maji hayakuwa yamechemka bado. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika thelathini na tatu.

"Simu imeharibika," alijiambia, akaandika kwenye daftari: *41:12. Angalia.*

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya mtihani wake wa mwisho wa ubingwa wa magonjwa ya akili. Nadharia haikumtisha. Kilichomwangusha mwaka uliopita ni kisa kirefu, pale unapoachwa na mgonjwa usiyemjua, watahini wawili wakikutazama, nawe una nusu saa ya kumfahamu. Mgonjwa wake alinyamaza. Adero naye akanyamaza, wakabaki kutazamana hadi kengele ikalia. Akianguka tena, jina lake linaondolewa kwenye programu, na miaka minne inakwenda na maji.

Kwa hiyo kila alasiri, katika nyumba ya kupanga hapa Kitengela, alikaa mbele ya kiti kitupu cha plastiki na kukihoji kwa sauti. Alianza kama daktari yeyote wa akili anavyoanza: "Karibu uketi. Mimi naitwa Daktari Adero. Utakayoniambia yatabaki kati yangu na wewe."

Kisa alipewa na Munyiva, daktari mwenzake aliyekaa naye nyumba moja na ambaye pia alikuwa akijiandaa kwa mtihani huohuo. Walikuwa na mtindo wao. Kila mmoja alibuni mgonjwa, akamwandika kwa barua ya rufaa kana kwamba anamhamisha kweli, na mwenzake akatia sahihi chini: *Nimempokea.* Mgonjwa wa safari hii, ambaye Adero alimtilia sahihi katikati ya Januari, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, asiye na jamaa anayejulikana, aliyeonekana akitembea kando ya barabara ya Namanga karibu na Isinya. Mwishoni Munyiva alikuwa ameongeza: *Haongei mbele ya watu wawili.*

Adero alivaa visikilizio, akaanza kuisikiliza rekodi. Dakika ya kwanza hadi ya nane zilikuwa sawa: swali lake, kimya, swali lingine. Kisha kikaja kimya kirefu asichokikumbuka, na baada yake sauti yake mwenyewe, ya chini, ya upole.

"Pole sana. Na huyo mtoto alikuwa na miaka mingapi?"

Hakuwa ameuliza swali hilo. Kwenye barua ya Munyiva hapakuwa na mtoto.

Kimya. Kisha yeye tena: "Ulimzika wewe mwenyewe?"

Kimya. Halafu akajisikia akicheka kidogo, kicheko cha adabu, kama mtu anavyomchekea mgeni aliyesema jambo lisilochekesha.

Alivua visikilizio. Ndani ya chumba palikuwa na harufu ya udongo uliolowa, ile inayopanda mvua inapogusa vumbi. Alichungulia dirishani. Ilikuwa mwezi wa pili, anga nyeupe, upepo ukibeba vumbi la machimbo, na hapakuwa hata na wingu la kuning'inia.

Munyiva aliporudi jioni kutoka kazini Kajiado, Adero alimngoja mlangoni.

"Ulishika simu yangu?"

"Hata salamu hakuna? Mimi nimetoka kushinda na wagonjwa arobaini, alafu nakuja kupata wa arobaini na moja kwa mlango."

"Munyiva, niko serious. Unajua PIN yangu."

"Najua PIN yako, najua saizi ya kiatu chako, na najua unakula kucha. Nishike simu yako nifanye nayo nini? Nipige picha ya vitabu?" Alicheka, akapita na mkoba wake. Lakini Adero aliona kwamba alipopita sebuleni, alizunguka nyuma ya sofa, njia ndefu, asikipitie kile kiti.

Usiku huo Adero alihesabu sababu za kumshuku Munyiva, maana alikuwa mtu wa kuhesabu. Moja: kaunti ilikuwa imetangaza nafasi moja tu ya bingwa wa akili, na wote wawili waliitaka. Mbili: siku za Krismasi Munyiva alikuwa hali, halali, mikono ikimtetemeka hata kikombe kikamwagika. Tatu: tangu katikati ya Januari alikuwa mzima ghafla, akilala fofofo kama mtoto aliyenyonya. Mtu hapati amani hivyo bila kuitoa mahali.

Alibadilisha PIN. Asubuhi alichukua kalamu ya wino mweusi, akachora duara dogo kwenye kigae kuzunguka kila mguu wa kiti. Munyiva aliondoka saa kumi na mbili na nusu. Adero alifunga mlango kwa komeo la ndani na hakutoka siku nzima. Saa tisa alihoji. Kengele ilipolia aliinama kutazama miduara.

Kiti kilikuwa kimesogea vidole vinne. Kimesogea kumwelekea yeye.

Jumanne, siku mbili kabla ya mtihani, ilikuwa zamu yake ya kliniki kule Kajiado. Mgonjwa wa tatu alikuwa ajuza wa Kimaasai ambaye Adero alikuwa amemtibu kwa miaka miwili, mtu mtulivu, anayemeza dawa zake bila kukosa.

"Takwenya, kokoo," Adero alimsalimia bibi huyo kwa Kimaasai.

"Iko." Bibi aliitikia, lakini hakuketi. Alisimama ameshika fimbo yake, macho yakipita bega la Adero. "Huyu dada mwingine pia ni daktari?"

"Tuko wawili tu hapa, kokoo."

"Mwambie atoke kwanza. Hajanisalimia, na ananukia mvua."

Adero aligeuka. Palikuwa na ukuta, bango la chanjo na ndoo ya takataka. Aligeukia faili, na kwa mkono uliokuwa imara kuliko moyo wake akaandika: *Anaona watu wasiokuwepo. Dozi iongezwe.* Bibi aliipokea karatasi ya dawa, akaitazama, akamtazama daktari kwa huruma ambayo Adero hakuisahau.

"Unanipa dawa mimi," alisema polepole. "Na wewe utakunywa gani?"

Jioni ile hakumngoja Munyiva mlangoni. Alishuka hadi geti, akalisimamisha gari lake dogo kabla halijaingia, akafungua mlango na kuketi kando yake.

"Yule mwanamke wa Isinya," alisema. "Hukumbuni."

Munyiva alizima injini. Hakucheka. "Usiongee kwa sauti."

"Tuko nje."

"Hata hivyo." Alishika usukani kwa mikono miwili. "Ilikuwa Novemba, natoka kazini. Nikamwona anatembea, hana viatu, jua kali. Nikasimama. Akaniambia, 'Daktari, mimi ni mgonjwa.' Sikuwa na koti, Adero. Sikuwa na kitu cha kuonyesha mimi ni daktari. Nikamwambia karibu."

"Kisha?"

"Nilipofika hapa Kitengela nikageuka, kiti cha nyuma ni kitupu. Kimelowa tu. Lakini alipanda ngazi na mimi. Kila siku saa tisa alitaka nimuulize. Nyanya yangu kule Mwingi angesema ni jini, angeita watu wa ngoma. Mimi nikaandika dalili. Nikajipima. Nikajianzishia dawa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungeniandika mgonjwa. Kama vile mimi ningekuandika wewe." Sauti yake ilikuwa imeshuka hadi mnong'ono. "Nilienda kwa pasta, akaniombea siku tatu. Hakutoka. Nikamwamrisha, nikamtukana, hakutoka. Alitoka siku ile ulitia sahihi."

Adero alihisi kofi likijiinua mkononi mwake, akalikalia. "Ulinipa jini kama mtu anavyopeana faili."

"Nilidhani nimepona tu. Naapa. Mpaka niliposikia ile harufu ya mvua sebuleni." Munyiva alifuta uso. "Mwandikie mwingine. Wanyonyi ananisumbua kila siku anataka kisa cha mazoezi. Atie sahihi tu, basi. Uko na siku mbili. Utaingia mtihani na akili yako."

Wanyonyi alikuwa daktari kijana wa mwaka wa kwanza, mpole, mwenye mtoto wa miezi mitano ambaye picha yake alimwonyesha kila aliyekubali kutazama. Usiku Adero aliandika barua. Iliandikika kwa urahisi wa kutisha: *Mpendwa Dkt. Wanyonyi, asante kwa kukubali kumwona mwanamke huyu.* Hapo akakumbuka swali lake mwenyewe kwenye rekodi, kuhusu mtoto na kuhusu kuzika, na mkono wake ukakataa kuendelea. Aliichana barua vipande kumi na sita, akavimwaga chooni.

Alijiambia kwamba mgonjwa hafukuzwi. Mgonjwa humalizwa kuhojiwa. Munyiva alimwamrisha, pasta alimkemea, yeye mwenyewe alimkatiza kila siku kengele ilipolia. Hakuna aliyemsikiliza hadi mwisho.

Siku iliyotangulia mtihani, saa tisa kamili, alizima kengele. Munyiva alikuwa amejifungia chumbani kwake. Stima ilikuwa imepotea, friji imenyamaza, na barabarani malori yaliunguruma kwa mbali.

"Karibu uketi," alisema Adero.

Kiti kililia kidogo, kama plastiki inavyolia inapopokea uzito.

Aliuliza maswali yote, kwa utaratibu, bila kuruka hata moja, na kadiri alivyouliza ndivyo harufu ya udongo ilivyozidi kuwa nzito hadi ikawa kama mtu aliyeinama juu ya shimo lililochimbwa asubuhi ile, na majibu ambayo hakuwa amewahi kuyasikia kwa masikio yakaanza kuja, kwanza kama pumzi, kisha kama mnong'ono wa mtu aliye chumba cha pili, kisha kama sauti kavu ya mwanamke anayetumia ulimi baada ya miaka mingi, ikisimulia mtoto mmoja, na mwingine, na mwingine, na nyumba moja baada ya nyumba, na kila alipofungiwa mlango na wenyewe wakidhani amekwenda. Adero hakunyamaza. Alijua kwamba hakunyamaza. Katikati ya hofu ile alihisi hata kiburi kidogo: hiki ndicho kisa kirefu, nami ninakimudu.

Akafika mwisho. Na kwa kuwa alikuwa amefunzwa vizuri, na kwa kuwa watahini hukata alama kwa daktari asiyefanya hivyo, alifunga mahojiano kwa heshima ambayo kila mgonjwa anastahili.

"Asante kwa kuniamini. Je, una swali lolote kwangu?"

Jibu lilikuja upesi.

"Ninayo," sauti ilisema. "Hakuna aliyewahi kuniruhusu niulize. Jina lako kamili?"

Alilitaja. Lilipotoka mdomoni aliliona limekwenda, kama ufunguo uliotumbukia kisimani.

"Ulizaliwa wapi?"

Alijibu, na kilima cha kwao, na kisima, na mti alioanguka kutoka juu yake akiwa na miaka saba akapata kovu la kidevuni, vikafutika kwa mpangilio aliovitaja, naye akataka kuziba mdomo kwa mikono yote miwili lakini mikono ilikuwa imelala mapajani kama ya mtu mwingine, na maswali yakaendelea kwa upole uleule, sauti ileile ya chini aliyoisikia kwenye rekodi, ya kwake, ikiuliza mama anamwitaje, anakunywa chai na sukari ngapi, Munyiva huongea naye vipi, PIN mpya ni ipi, na kila mara, alipositasita, ikingoja bila haraka, jinsi daktari mzuri anavyongoja.

"Na kitu gani unakiogopa kuliko vyote?"

"Kuanguka," alisema yule aliyekuwa Adero.

"Pole sana," ilisema sauti. "Hutaanguka."

Alipoweza kuona tena, kulikuwa kumekucha. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, na uzito wake haukukifanya kilie. Mbele yake mwanamke alikuwa akifunga vifungo vya koti jeupe. Alikuwa na kovu lile la kidevuni, na kucha zilezile zilizoliwa.

Munyiva alifungua mlango wa chumba chake taratibu, macho mekundu. "Adero? Uko sawa? Alienda?"

"Ameenda."

"Kweli? Uliandikia nani?"

"Sikumwandikia mtu. Nilimsikiliza tu."

Munyiva alimkumbatia, akalia begani mwake, akaomba msamaha kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Aliyeketi kitini alipiga kelele hadi koo likachanika, na pazia halikutikisika. Haongei mbele ya watu wawili. Sasa alijua kwamba haikuwa dalili. Hawezi.

"Uko na kitambulisho?" aliuliza Munyiva, akijipangusa.

"Niko nacho."

Walitoka pamoja. Komeo likaingia mahali pake.

Watahini, baadaye, walisimulia kuhusu mtahiniwa yule wa pili kutoka Kajiado. Mgonjwa wake alikuwa mzee ambaye hakuwa amemwambia mtu neno kwa miezi sita. Alikaa naye dakika thelathini, akainama karibu, akamuuliza kitu kwa sauti ya chini ambayo hawakuipata, na mzee akaanza kusema yote, tangu utoto, machozi yakimchuruzika, asiache hata alipoambiwa kwamba muda umekwisha. Walimpa alama ambazo hawakuwa wamewahi kumpa mtu.

Matokeo yalifika kwa simu wiki tatu baadaye, alasiri, nyumba ikiwa na jua. Munyiva alishuka mbio kununua soda. Mwanamke mwenye koti alibaki sebuleni. Alisoma ujumbe mara mbili, akavuta kiti, akaketi akikabiliana na kile cha plastiki, akainamisha kichwa upande kama anavyofanya daktari anayejali.

"Tumepita," alisema.