Kirusi Kilichobadilika

Severa aliuza mashuka Kariakoo. Alikuwa na ujauzito wa miezi mitano, na kwa miaka sita alikuwa akiishi na virusi vya UKIMWI. Nyumbani aliyejua ni mumewe tu, Heriel, ambaye hakuwa navyo.

Dawa zilimweka sawa miaka yote hiyo. Kisha mama mkwe akaja kutoka Moshi kumsaidia. Severa akaanza kumeza dawa kwa kujificha. Siku nyingine alipata nafasi, siku nyingine hakupata.

Kliniki ikamwita baada ya kumpima damu. Virusi vilikuwa vimeongezeka sana. Sista Candida, muuguzi aliyemzoea, hakumfokea. Alimweleza kuwa kirusi huzaliana kwa kujinakili, na mara nyingi hukosea. Dawa ikipungua mwilini, nakala ambayo kosa lake linaisaidia kuikwepa dawa ndiyo hubaki na kuongezeka. Hicho ndicho kirusi sugu.

"Na mtoto?" Severa aliuliza.

"Mara nyingi kinachovuka kwenda kwa mtoto ni kirusi kimoja au viwili tu, kati ya vingi mno. Kikivuka kilicho sugu, mtoto anaanza maisha na kirusi kisichosikia dawa hiyo. Kwa hiyo tutapima vinasaba vya kirusi chako, tujue kinakwepa dawa ipi."

Heriel naye alipimwa. Alikuwa salama, wakashauriwa kutumia kondomu.

Kusubiri majibu kulimtesa Severa. Simu ikiita, anaikimbilia. Mtoto akicheza tumboni, yeye machozi yanamlenga.

Majibu yalipokuja, kweli kirusi kilikuwa kimebadilika. Akabadilishiwa dawa, akaambiwa aimeze kila siku, saa ileile.

Jioni hiyo alimkuta mama mkwe akimenya ndizi. Akaketi, akamweleza yote. Mama akaweka kisu chini.

"Unameza saa ngapi?" aliuliza.

"Saa mbili usiku, mama."

Tangu siku ile, saa mbili haikumpita yule mama bila kumkumbusha Severa. Kabla ya kujifungua, virusi vya Severa vilikuwa vimeshuka hadi kipimo hakikuviona. Mtoto wa kike alizaliwa, akapewa dawa ya kumkinga, akanyonya.

Alipofikisha wiki sita, Sista Candida aliwasomea majibu: hana virusi. Aliwakumbusha kuwa mtoto ataendelea kupimwa mpaka aache kunyonya, na Severa asiruke dawa hata siku moja.

Severa aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwomba asome tena, polepole.