Daftari la Fundi Randa

Seremala mmoja, mtaa mzima ulimwita Fundi Randa, alikuwa na mazoea yake. Kila kitu aliandika juu ya mbao. Kipimo cha mlango, namba ya simu ya mteja, hata siku ambayo binti yake aling'oka jino. Kesho yake alizipiga randa mbao zile zile, na maandishi yote yakaenda na maranda.

"Mume wangu anafagia kumbukumbu zake kila jioni," mkewe alimtania.

Mwaka mmoja kifua kilianza kumbana. Siku nyingine alikuwa mzima kabisa. Siku nyingine alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Fundi akaingiwa na hofu. Hakujua kazi nyingine, na nyumba nzima ilimtegemea yeye.

Jirani yao alikuwa muuguzi, jina la utani Dada Sindano. Alikuja, akamsikiliza kifua.

"Shemeji, kinabana siku gani?"

"Siku yoyote tu."

"Juzi ulikuwa unatengeneza nini?"

"Juzi? Ngoja, niliandika mahali..."

Mkewe akacheka, akamwonyesha rundo la maranda.

Dada Sindano alimletea daftari. "Kila jioni andika mistari mitatu. Umefanya nini, kifua kilikuwaje, na moyo ulikuwaje."

"Kuandika siku zangu? Hayo mambo ya wakubwa, dada."

"Wakubwa gani? Misri ya kale kulikuwa na msimamizi wa watu waliosafirisha mawe ya kujengea piramidi. Waliyabeba kwa mashua. Kazi ya kila siku iliandikwa: leo tumepakia mawe, leo tumesafiri. Imepita miaka kama elfu nne na mia tano. Kurasa zake zimepatikana, na watu wanazisoma."

Fundi alilipokea daftari. "Mtu wa mawe tu?"

"Mtu wa kazi, kama wewe."

Fundi aliitazama mikono yake kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona. Jioni ile akaandika.

Mwanzoni ilimwia vigumu. Siku moja mteja alimtukana, naye akajaza ukurasa mzima kwa hasira. Alipoweka penseli chini, moyo ulikuwa umetulia. Alishangaa sana.

Baada ya wiki tano alisoma daftari pamoja na Dada Sindano. Kila siku ya kukohoa ilikuwa na maneno yale yale: "Nimepiga msasa mvule. Nimefunga dirisha, majirani wasilalamikie vumbi."

"Mungu wangu!" alisema Fundi. "Jibu nimeliandika mwenyewe!"

"Vumbi la mbao huumiza kifua, na la mvule huwadhuru sana baadhi ya watu," alisema Dada Sindano. "Nenda kliniki, na daftari uende nalo."

Daktari alilisoma, akampima, akampa dawa. Tangu hapo Fundi alipiga msasa nje, amevaa barakoa ya vumbi. Kifua kikafunguka, na kazi hakuiacha.

Jioni moja alikuwa akifungua kurasa za nyuma. Akakutana na siku aliyokuwa ameisahau kabisa: "Leo binti yangu amesoma kibao cha duka peke yake. Nimelia kidogo. Nimesingizia vumbi."

Akamwita mkewe, naye akasoma.

"Kumbe ulilia?"

"Nililia. Si imeandikwa?"

Wakaisoma tena, pamoja. Kisha Fundi akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaandika: "Leo nimepumua vizuri siku nzima."